Barafu Kutoka Tudor

Siku tuliyomzika mume wangu walikuwapo watu hawa, nami nawataja kwa udugu wao, si kwa majina. Majina ninayo yote, na ya baba zao, lakini wengine wana wajukuu wanaosoma, na hili ninalolieleza si la kumpachika mtu jina.

Juu, kwa wanawake: mavyaa wangu, mama yake marehemu, ambaye nyumba ni yake. Binti yangu, aliyekuwa ameolewa Tononoka. Wifi zangu wawili. Mke wa mwenye duka la ng'ambo ya kichochoro. Na mwanamke mmoja kutoka Tudor ambaye sikuwahi kumwona. Alikuja na mabakuli mawili ya plastiki yamejaa barafu, kayafunika kwa leso. Nilimwuliza kama tunavyoulizana kwenye matanga: wewe mtoto wa nani, mke wa nani? Akanitajia jina lake, na la baba yake, na la mumewe aliyefanya kazi na mume wangu bandarini. Nikayaweka kichwani pamoja na mengine. Barafu tukaitia kwenye mtungi. Ulikuwa mwezi wa joto, nami nilikunywa gilasi mbili.

Chini, kwa wanaume: shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaaye Likoni. Mwenye duka. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeomba dua. Wenzake marehemu wa bandarini. Na mtu mmoja wa shati la mikono mirefu, ana faili la kahawia kwapani, ambaye kila aliyemwona alidhani amekuja na mwenziwe.

Kabla ya jeneza kuinuliwa, shemeji alipanda juu ya baraza ya nyumba. Nilikuwa nyuma ya dirisha la juu, nikamsikia vizuri.

"Jamaa, ndugu yangu huyu yuaenda kwa Mola wake. Mwenye kumdai, aje kwangu mimi ndugu yake. Na mwenye haki nyingine kwake, amsamehe."

"Tumesamehe!" wakajibu wanaume kwa sauti moja, kichochoro kikatetema.

Maneno hayo kwetu husemwa kwa kila maiti. Mara nyingi hakuna ajaye, ama huja fundi viatu, ama muuza mkate, na ndugu humlipa palepale. Wakaondoka naye, nami nikaanza eda yangu siku ile ile. Asiyejua, eda ni kukaa ndani kwa mjane miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hasemi na mwanamume wa kando. Nilivaa nguo nyeupe, nikatandikiwa godoro chumba cha mbele cha juu, karibu na cherehani yangu.

Cherehani ile niliinunua kwa mahari yangu. Ilikuwa ya miguu, ya chuma, na meza yake ya mti. Nilishona magauni na foronya na mapazia, na wateja wangu walikuwa wakija wenyewe juu, kwa hivyo eda haikunikata riziki. Mume wangu hakuacha kitu kingine cha kutuletea chakula. Nalisema hili mapema ili ijulikane mtu alikuwa akitafuta nini kwetu, na sisi tulikuwa tukishika nini.

Siku ya tano, baada ya Alasiri, mlango ukabishwa.

"Hodi hapa!"

Mavyaa akashuka, akasimama nyuma ya mlango bila ya kuufungua.

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, mama. Pole kwa msiba."

"Tushapoa, mwanangu. Keti hapo barazani, tukuletee kahawa."

Hakumwuliza ametoka wapi. Mtu akija kutoa pole haulizwi hivyo. Kahawa ikapelekwa, na kashata mbili. Akanywa, akala, akashukuru, kisha akafungua faili lake na kusema kwa mlango:

"Mama, mimi nimetumwa na duka la mafriji kule mjini. Nimemjia yule bwana aliyesema mwenye kudai aje kwake."

"Nani?"

"Yule aliyesimama hapa juu ya baraza, siku ya maziko. Nami nilikuwapo. Nimeandika."

Na kweli alikuwa ameandika, siku na saa. Siku ile alikuwa amekuja kumdai mume wangu akiwa hajui kama amekufa. Akakuta watu wamesimama, naye akasimama. Hakuwa Mwislamu. Kwao ni kule juu, upande wa Kaloleni, na kazi yake ni kuwafuata watu waliochukua vitu dukani kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, wakaacha kulipa. Mume wangu hakuchukua kitu. Alimwekea mwenziwe saini ya dhamana, ya friji, wala hakutwambia. Alikuwa mtu wa kutosema mambo kama hayo. Mwenziwe alilipa miezi, kisha akanyamaza.

Mavyaa alipanda ngazi polepole, akakaa kwenye ukingo wa godoro langu.

"Tumempa kahawa," akasema.

"Sasa?"

"Sasa ataja kila siku."

Akaja kila siku. Shemeji aliitwa, akaja na feri ya asubuhi. Hakuingia chumbani, kwa sababu ya eda; alisema nami akiwa kwenye ngazi.

"Shemeji, mimi nilisema vile kwa kuwa ndivyo isemwavyo."

"Najua."

"Sikujua kuna mtu yuaandika."

"Najua, shemeji."

"Nina watoto sita."

Hilo nalo nilikuwa nikilijua. Watoto wake sita, majina yao naweza kuyataja hata leo, kwa mpangilio. Akashuka, akamwomba yule mtu muda, akapewa wiki. Wiki ilipokwisha akawa akija kwetu kwa kichochoro cha nyuma, kupitia kisimani, na mavyaa humfungulia mlango wa jikoni. Akiketi jikoni huku akinong'ona, na yule mtu wa faili ameketi barazani, ukuta mmoja baina yao.

Sitasema kuwa alikuwa mtu mbaya. Hakupiga kelele, hakutukana. Alikuwa akija baada ya Alasiri, anaketi mahali pamoja, faili magotini, na huondoka jua likipoa. Baraza haifukuzi mtu. Kila apitaye humwamkia, naye huitika, na akiulizwa wamngoja nani, hujibu kweli: "Nangoja deni la marehemu." Basi hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Mwisho wa wiki ya pili walikuwa wakimwuliza hali ya watoto wake.

Tena zilikuwapo simu za kudai. Sisi hatukuwa na simu. Tulikuwa tukitumia ya mwenye duka wa mkabala, na namba hiyo mume wangu ndiyo aliyoiandika kwenye karatasi ya dhamana. Dukani kwao mjini alikuwako mwanamke wa kupiga simu, hupiga asubuhi na mchana. Mwenye duka wetu alikuwa na sauti ya juu, na yote aliyosema kwenye simu tuliyasikia dirishani.

"Hayuko… Yuko, lakini hawezi kuja… Yuko edani… Eda, eda! Hatoki nje… Miezi minne na siku kumi… La, dada yangu, hakufungwa. Amefiwa!"

Akaweka simu, akaangalia juu dirishani kwetu.

"Bi mkubwa," akamwita mavyaa, "huyu mwanamke yuauliza kama kuna siku za kutembelewa."

Wateja waliokuwa dukani wakacheka. Mavyaa pia alicheka, ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mwanawe afe. Mimi sikucheka, lakini sikukasirika vile vile. Kwenye eda mtu husikia mambo kama yaliyo chumba cha pili.

Lililonigusa ni barua. Zilikuja tatu, za kuchapwa kwa mashine, kwa Kizungu. Mimi nilisoma chuoni tu, herufi za Kiarabu. Hizi za kizungu nazijua moja moja, na Kizungu sikijui. Mavyaa hakujua zote mbili. Tukaziweka chini ya Msahafu, kwa heshima ya karatasi, zikakaa. Binti yangu alipokuja kutoka Tononoka wiki ya tatu ndipo alipozifungua.

"Mama, zimekaa muda gani hizi?"

"Tangu zilipokuja."

Akasoma kimyakimya mpaka ya mwisho, kisha akanieleza. Wangekuja na lori Alhamisi. Wangechukua vitu vya nyumbani mpaka thamani ya deni itimie, na cha kwanza kuandikwa ilikuwa cherehani, moja, ya miguu.

"Wameijuaje?" nikauliza. "Hajaingia mtu hapa."

Binti yangu akaangalia dirisha, akaangalia cherehani. Nikafahamu. Mtu wa faili alikuwa akiisikia. Wiki tatu mimi nashona juu, yeye yuko chini, na chuma kile kikienda kina sauti ambayo mtu hawezi kuikosea. Toka siku ile nilikuwa nikishona asubuhi na mchana tu, na nikisikia Alasiri yaadhiniwa naondoa mguu.

"Na aliyechukua hiyo friji, jina lake limo?" nikamwuliza.

Akanisomea jina, la kwanza, la baba na la babu.

"Hatumjui huyu," akasema mavyaa.

"Twamjua," nikasema. "Ni mume wa yule wa Tudor. Yule aliyeleta barafu."

Binti yangu akafunga barua. Mavyaa akasema, kama anayezungumza na mtungi uliokuwa pale pembeni, "Tulikunywa."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumanne. Mtu wa faili alipokuja, mavyaa alishuka, na safari hii aliufungua mlango, akasimama kizingitini na leso yake kichwani. Mimi nilikuwa juu dirishani. Mwenye duka alikuwa kwenye kizingiti cha duka lake, hatua nne tano, na hakuwa na haya ya kusikiliza.

"Mwanangu," mavyaa akaanza, "siku ya maziko ulisimama wapi?"

"Hapo, mama. Karibu na nguzo ya umeme."

"Na ndugu yake aliposema mwenye haki amsamehe, ulijibu nini?"

Yule mtu akaliangalia faili lake.

"Alisimama na mimi," mwenye duka akaingilia. "Alijibu. Alijibu kushinda mimi. Alisema tumesamehe, na mkono aliinua."

"Nilidhani ni kama kusema amina," akasema mtu wa faili. "Wote walisema."

"Wote walisema kwa kuwa wote walisamehe."

"Mama, lakini mali si yangu. Mimi nimetumwa."

"Kwako wewe hamna chochote katika hilo deni?"

Akasema, sauti imeshuka, kwamba deni likilipwa naye hupata fungu lake, ndiyo mshahara wake. Akirudi mikono mitupu hapati kitu.

"Basi hilo lako umelisamehe," akasema mavyaa. "La duka ni la duka. Na wewe, kwenu, mtu akisema neno mbele ya maiti, hurudi akalimeza?"

Nilikuwa nikiuona utosi wake tu, na faili.

"Hapana," akasema. "Kwetu pia halirudi."

Akalifungua faili, akalifunga. Kisha akasema mambo ambayo, kwa kazi yake, hakutakiwa kuyasema. Kwamba duka humfuata mdhamini kwa sababu mdhamini ana haya, na aliyechukua kitu hafungui mlango. Kwamba Tudor alikwenda mara nyingi akaambiwa hapana mtu. Na kwamba friji yenyewe ikirudi, hata ikiwa imetumika, duka huandika deni limekwisha, maana huiuza tena. Lakini lori limekwisha kupangwa, Alhamisi mchana litakuwa barabarani pale juu, na yeye hawezi kulizuia.

"Alhamisi," akasema mavyaa. "Kahawa ushakunywa leo?"

"Bado, mama."

Akaletewa.

Mavyaa hakungoja Jumatano. Ile ile Jumanne, alivaa buibui, akachukua mkeka mdogo wa kusalia na tasbihi, akaenda Tudor na binti yangu. Nyumba zile ni za ghorofa, hazina baraza. Alitandika mkeka wake kwenye ngazi, mlangoni kwao, akaketi. Hakubisha. Binti yangu aliniambia kuwa kila mpangaji aliyepanda au kushuka ilibidi amruke, na kila mmoja alimwuliza, "Bi mkubwa, wamngoja nani?" naye akajibu, "Namngoja mwenye nyumba hii, mwanangu alimwekea dhamana." Hakuongeza neno. Alikuwa amejifunza kwa wiki tatu, kwa mwalimu aliyeketi barazani kwetu.

Baada ya kitambo mlango ulifunguliwa. Ni yule mwanamke. Alimwona mavyaa, akarudi ndani, akatoka na gilasi ya ukwaju wa baridi kwenye kisahani.

"Ahsante, mwanangu," mavyaa akasema, akanywa kidogo, akaiweka. Na hakuondoka.

Jumatano alikwenda tena tangu asubuhi. Akaletewa ukwaju tena. Safari hii mwanamke aliketi naye pale kwenye ngazi, akamwambia. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi bandarini pamoja na wengi, miezi minane nyuma. Alikuwa ndani, kitandani, hasemi na mtu. Chakula chao kilikuwa kikitoka kwenye ile friji: barafu za mifuko, na ukwaju, na ubuyu wa maji, huwauzia watoto wa shule na mafundi wa gereji. Alipopata habari ya msiba hakuwa na kitu kingine cha kuleta, akaleta barafu.

"Na mkaza mwanangu yuala kwa cherehani," mavyaa akamjibu. "Kesho waijia."

"Kwani wameiandika cherehani?"

"Ya kwanza."

Yule mwanamke akamwuliza kama nilijua, siku ile ya maziko, kuwa barafu ilitoka wapi. Mavyaa akamwambia sikujua. Akauliza tena kama ningaliinywa. Mavyaa aliniambia hakumjibu hilo, kwa kuwa halikuwa lake kulijibu. Mimi nimelifikiri miaka mingi. Joto lilikuwa kali. Naona ningaliinywa.

Alhamisi mavyaa alikwenda Tudor mara ya tatu, nami nikakaa kwenye cherehani yangu, sikushona. Nilisali Adhuhuri, nikakaa tena. Lori haliingii kwenye vichochoro vyetu. Lilisimama juu barabarani, na nikasikia viatu vya wanaume wakija kwa miguu, watatu au wanne, na sauti ya mtu wa faili akiwaonyesha njia. Wakafika mlangoni. Shemeji alikuwapo, na siku ile alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele. Nalisema hili kwa haki yake. Akasimama kizingitini, akasema hawaingii, ndani mna mwanamke wa eda. Mmoja wao akasema wao hawana habari ya eda, wana karatasi.

"Ngojeni," akasema mtu wa faili.

"Twangoja nini?"

"Ngojeni tu. Kaeni barazani."

Wakakaa. Mwenye duka alitoka, akawaamkia mmoja mmoja. Nikasikia kahawa ikimiminwa. Nilikuwa nimeshika gurudumu la cherehani kwa mkono, kama mtu aliyemshika mtoto asivuke barabara.

Ikakaribia Alasiri, ndipo nikasikia magurudumu ya mkokoteni juu ya mawe. Mbele mavyaa, nyuma hamali wawili, na juu ya mkokoteni friji nyeupe imefungwa kamba, mlango wake umekazwa kwa leso isifunguke. Ilikuwa ikidondoka maji. Barafu ya ndani haikuwa imemaliza hata kuyeyuka.

Mtu wa faili akaiangalia namba nyuma ya friji, akaiangalia karatasi, akaandika. Shemeji akatia saini kwa kuwa yeye ndiye aliyesema aje kwake. Wakaigeuza, wakaipeleka juu barabarani, na maji yakafuata njia nzima mpaka kona. Leso ilifunguliwa ikarudishwa kwetu. Ilikuwa ile ile iliyofunika mabakuli.

Nilishona jioni ile mpaka nikachoka. Cherehani yangu ilibaki, friji yake ikaenda. Yule mwanamke hakuja tena kwetu, wala siku ya kumaliza eda yangu hakuja, nami nilimtumia leso yake kwa binti yangu, imefuliwa, na ndani yake gauni la mtoto wake wa kike nililolikisia kwa macho ya mavyaa, aliyemwona kule Tudor. Binti yangu alisema lilipokelewa. Hakusema zaidi, na sikumwuliza.

Mtu wa faili alikuja mara moja baadaye. Eda ilikuwa imekwisha, nikamfungulia mwenyewe, tukaonana uso kwa uso baada ya yote. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhania. Alisema ameacha kazi ile, sasa yuko kiwanda cha magunia, na kwamba alikuwa yuapita. Akaulizia hali ya mavyaa, nikamwambia amelala, hajambo. Kahawa akakataa.

Sasa nawaomba wasomaji. Mavyaa amekufa, mwenye duka amekufa, shemeji hakumbuki. Mimi siku ya maziko nilikuwa juu, nikasikia wanaume wengi wakijibu kwa sauti moja, na sauti ya yule mtu sikuweza kuitenga. Kwamba alijibu, na kwamba mkono aliinua, ni maneno ya mwenye duka peke yake, na mwenye duka alikuwa rafiki yetu. Kama yuko mtu aliyesimama kichochoroni siku ile, karibu na nguzo ya umeme, akamwona yule mtu wa faili amefunga mdomo, na anisahihishe. Na kama yuko wa Tudor anayejua kuwa ukwaju haukuletwa siku zote mbili, ama kuwa gauni lile halikumwenea mtoto, naye aniambie. Majina sikosei. Haya mengine naweza kuwa nimeyakosea.